Madeni Mawili Chini ya Paa Moja

Editha Mughwai aliingia dukani kwa mchumba wake akiwa bado na sare ya uuguzi, viatu vimebadilika rangi kwa vumbi la Oktoba. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka zahanati, jua la mchana likimchoma utosini. Alihofia kwamba akipanda bodaboda angefika mapema mno, kabla hajajua aanzie wapi.

Alifika hajui vilevile.

Duka lilikuwa chumba kimoja kilichonukia asali na nta. Yeremia alikuwa amechuchumaa, akichuja asali ya Rungwa kutoka kwenye ndoo kubwa na kuijaza kwenye chupa. Alipoinua uso akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, ambalo miaka miwili iliyopita lilimfanya Editha anunue chupa tatu za asali asizokuwa na kazi nazo.

"Mbona umekuja na jua lote hili?" aliuliza. "Kaa kwanza unywe maji."

"Mkopo umetoka," Editha akasema.

Mkono wa Yeremia ulisita. Asali ikazidi mdomo wa chupa, ikateremka kwenye vidole vyake.

"Wamekupa kiasi gani?"

"Ada karibu yote, na nusu ya pesa ya kujikimu. Nathibitisha nafasi chuoni kabla ya Jumatatu jioni. Nisipothibitisha, wanampa mwingine."

Yeremia alichukua kitambaa akajifuta vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayenunua muda. Editha alimtazama kichogo, akatazama mabega yale mapana yaliyoinamia ndoo, na hofu aliyotoka nayo zahanati ikazidi.

Kwa miaka mitatu alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya mtu binafsi pale mjini. Mshahara wake ulikuwa laki nne, na hakuwa akidaiwa na mtu, kwa kuwa baba yake aliuza ng'ombe wa kulimia kumlipia stashahada. Mwaka huu aliomba chuo Dodoma, shahada ya afya ya jamii, miaka mitatu, akaipata. Wakati huohuo Yeremia alikuwa amemtuma mshenga nyumbani kwao Editha, Unyambwa, kupeleka posa. Baba yake alipokea barua ya posa, akashukuru, akasema atajibu. Hadi siku ile alikuwa hajajibu.

"Yeremia," Editha akaita. "Wewe umeisoma shahada hiihii. Umeshakopa, umeshaajiriwa, umeshakaa bila kazi. Nataka unishauri. Usinishauri kama mchumba wangu. Nishauri kama mtu aliyepita njia hiyo."

"Ni kitu kimoja hicho, Edi."

"Si kitu kimoja."

Yeremia alivuta kigoda akakaa. Aliangalia mlango, akaangalia rafu za chupa, akaangalia viatu vya Editha. Machoni hakumwangalia.

"Haya. Mimi nilitoka chuoni nadaiwa milioni kumi na moja. Nikakaa miaka miwili bila kazi, nabeba mizigo ya vitunguu. Nikapata mradi wa maji na usafi, milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Ukiisikia ni nyingi. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia kumi na tano, ni laki na themanini kila mwezi, kabla hata hujaigusa. Mradi ukaisha. Sasa hivi nauza asali, na deni lililobaki linanisubiri."

"Na nikiajiriwa serikalini?"

"Ukibahatika. Utaanza na laki saba na nusu, tuseme. Toa mkopo, toa pensheni, toa bima, toa kodi. Mkononi unashika laki tano na kidogo. Leo unashika laki nne na hudaiwi. Yaani uende ukasote miaka mitatu, urudi na deni la mamilioni, kwa ajili ya laki moja."

Hesabu yake haikuwa na ufa. Editha aliipitisha kichwani mara ya pili, kama anavyokagua kipimo cha dawa ya mtoto kabla ya kuchoma sindano, na bado ikarudi vilevile.

"Na kazi? Tangu mradi uishe, hujaitwa popote?"

Yeremia aliinamia ndoo yake.

"Sijaitwa," akasema.

Nje, mtu alipita akitangaza mafagio.

"Kwa hiyo nisiende."

"Mimi sijasema usiende. Nimesema hesabu." Hatimaye akainua macho, na yale macho yalikuwa na kitu ambacho Editha alishindwa kukisoma. Akamshika mkono, kiganja chake kikiwa bado kinanata asali. "Ila kama ungekuwa unaniuliza kama mchumba, ningekwambia baki. Tuoane. Uongeze ngazi ya uuguzi taratibu, hapahapa."

Editha aliuacha mkono wake mle ndani ya mkono wa Yeremia. Alikuwa akimpenda mtu huyu kiasi kwamba hata akiwa amekasirika naye alitamani kusimama karibu naye. Lakini rohoni alihisi jambo limelegea mahali fulani, kama kifungo kilichobaki na uzi mmoja.

"Kesho twende Kiomboi kama tulivyopanga," alisema. "Nikimwona mama yako, nitaamua."

* * *

Jioni ile nyumbani Unyambwa, Editha alipokuwa akimnawisha baba yake mikono kabla ya chakula, mzee Mughwai aliuliza bila kumtazama.

"Mama yako ananiambia serikali imekupa hela."

"Imenikopesha, baba."

"Kukopa harusi, kulipa matanga." Mzee alikata tonge, akachovya kwenye mlenda, akatafuna kwanza hadi akameza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila neno lake aliliweka kama anavyoweka jiwe la ukuta. "Yule kijana wa Kinyiramba naye anadaiwa?"

"Anadaiwa."

"Na anauza asali."

"Anauza asali, baba. Ni kazi."

"Sijasema si kazi. Mimi nauza kuku." Akamgeukia mkewe, Anastazia, akasema naye Kinyaturu kwa muda, maneno ya haraka ambayo Editha aliyaelewa na kutamani asingeyaelewa. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, kama alivyofanya kila alipotaka neno lake lisisahaulike. "Huyo ana deni lake. Wewe unataka uende ukachukue lako. Halafu mnataka niwaozeshe. Madeni mawili chini ya paa moja, watoto watakula nini?"

"Deni lake ni la shule, baba. Hakulinywea pombe."

"Deni halina jina. Ng'ombe wangu walikwenda kwenye uuguzi wako, na sikulalamika, kwa sababu nilijua ukimaliza umemaliza." Mzee akasukuma sahani kando. "Chagua moja. Ukitaka chuo, nenda, nami nitamwambia mshenga arudi kwao. Ukitaka ndoa, baki na kazi yako, nami nitajibu posa, hata kama kijana ni Mlutheri, si wa kanisa letu. Vyote viwili, mimi simo."

Mama yake alimfuata jikoni alipokwenda kuosha vyombo. Alisimama nyuma yake, akamrekebishia kanga begani kama mtoto.

"Baba yako anaogopa," alinong'ona. "Usidhani ni ukali."

"Hata mimi naogopa, mama."

"Basi mwambie unakiogopa nini hasa. Hajui. Hata mimi sijui. Una kazi, mwanangu. Kinachokusukuma ni nini?"

Editha alisugua sufuria. Kisha akamsimulia juu ya watoto wa kitongoji kimoja kando ya ziwa. Kila mwaka mvua zikianza, waliletwa zahanati wakiharisha, macho yametumbukia. Aliwatundikia dripu, wakapona, wakarudi kunywa maji ya kisima kilekile, wakaletwa tena. Mwaka jana mmoja hakurudi kwao akiwa hai. Alipomwomba mganga mkuu wa zahanati ruhusa ya kwenda kukiona kile kisima, aliambiwa hakuajiriwa kukagua visima.

"Nimechoka kuwatibu walewale, mama," alisema. "Nataka kuwa yule anayekwenda kisimani."

Anastazia alichukua sufuria mikononi mwa binti yake, akaanza kuisugua mwenyewe.

* * *

Jumapili, kila mmoja alipomaliza ibada kanisani kwake, walikutana stendi wakapanda basi la Kiomboi. Njiani Yeremia alizungumza sana, kuliko kawaida yake. Alimwonyesha mawe makubwa aliyokuwa akichezea utotoni, akamwonyesha mashamba ya vitunguu, akataja majina ya wenyewe. Editha aliitikia. Kichwani mwake laki tano na laki nne zilikuwa zikizunguka.

Mama Yeremia aliwasubiri mlangoni. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Shikamoo, mama," Editha alipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Simama, simama nikuone. Kumbe picha zinakuonea." Akamkumbatia, akamsukuma nyuma amtazame, akamkumbatia tena. "Yeremia, nenda ukamchinje yule jogoo. Na upite kwa kina Mathayo uniletee mkaa. Sisi tuna maneno yetu."

Yeremia alisita kidogo mlangoni, akamtupia Editha jicho la haraka, kisha akatoka.

Ndani palikuwa safi, sakafu ya saruji, bati jipya juu. Ukutani kulikuwa na picha ya msichana aliyevaa joho.

"Huyo ni Witness, mdogo wake," mama alisema akimmenyea machungwa. "Anafundisha sekondari Mkalama. Unamwona hivyo, ni kaka yake huyo. Miaka ile alipokuwa kwenye mradi, alimlipia ada yote. Hili bati ni yeye. Marehemu baba yake alipougua, safari zote za hospitali ni yeye. Mimi huwa nawaambia wanawake wenzangu, ile shahada ya mwanangu wanaicheka kwa sababu leo anauza asali, lakini iliibeba nyumba hii mgongoni miaka minne."

Editha aliliweka chungwa kwenye sahani. Hilo hakulijua. Yeremia alimwambia habari za mkopo, makato na miaka ya kubeba vitunguu. Habari za bati na joho hakuzitaja.

Mama akasogea, akapunguza sauti.

"Sasa nikwambie neno, na usinione mbaya. Ile kazi ya Rungwa sikupenda aiache. Lakini sikulaumu wewe. Mtu akipenda, anapenda."

"Kazi gani, mama?"

"Si ile aliyoitwa mwezi uliopita? Bwana afya wa mradi wa vijiji vya kule, mkataba wa miaka mitatu. Walimpigia simu akiwa amekaa hapo ulipokaa. Nikamwambia, nenda mwanangu. Akasema, mama, Rungwa ni mbali, nina mtu Singida na posa yangu haijajibiwa, nikiondoka sasa nitampoteza." Akaweka kisu chini. Alikuwa ameona uso wa mgeni wake. "Hakukwambia?"

"Hakuniambia, mama."

Mama Yeremia aliinamia maganda ya machungwa, akayakusanya moja moja kwenye upindo wa kanga yake.

"Basi nimekosea," alisema polepole. "Au labda sijakosea."

* * *

Walikula. Jogoo alikuwa mtamu, na Editha alikula kwa adabu hadi mwisho, akashukuru, akaaga kwa goti. Ni walipokuwa njiani kurudi stendi, wamefika penye mawe mawili makubwa yaliyoegemeana, ndipo aliposimama.

"Jana nilikuuliza kama umeitwa popote."

Yeremia hakuuliza anazungumzia nini.

"Mama amekwambia."

"Ameniambia. Alidhani najua. Alinisamehe, Yeremia. Mama yako alinisamehe kosa ambalo sikujua kwamba nimelifanya."

"Edi, nisikilize."

"Nakusikiliza. Jana nilikusikiliza pia. Niliipitia hesabu yako usiku kucha, nikitafuta ilipokosewa. Kumbe hukukosea kujumlisha. Uliacha kutaja vingine. Mbona hukunitajia Witness? Mbona hukunitajia bati la mama yako?"

"Kwa sababu ningekutajia hivyo ungekwenda."

Alilisema haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Kisha wote wawili wakalisikia.

Upepo ulipita kati ya mawe, ukapeperusha vumbi na kulitupa kwenye sketi ya Editha. Alihisi machozi yakija, akakaza taya mpaka yakarudi.

"Uliiacha kazi kwa ajili yangu bila kuniuliza," alisema. "Halafu ukataka na mimi niache chuo kwa ajili yako, bila mimi kujua kwamba unaniomba kwa ajili ya hofu yako. Tungeoana hivyo? Wewe una kazi uliyoiua kifuani, mimi nina chuo nilichokiua, tunalala kitanda kimoja?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini? Dodoma ni safari ya asubuhi moja."

"Siogopi Dodoma." Yeremia aliegemea jiwe, mikono yake mirefu ikining'inia kama isiyo na mwenyewe. "Baba yako hajajibu posa. Ukienda, atasema nisubiri umalize. Miaka mitatu. Utakutana na watu. Utarudi na joho, unijie pale dukani, nimekaa kwenye kigoda kilekile najaza chupa. Utanihurumia. Mimi naweza kuvumilia deni, Edi. Kuhurumiwa na wewe sitaweza."

Editha alimtazama. Hakuwahi kumwona hivi, amevuliwa ule utulivu wake wote. Moyo wake ulimwambia amsogelee, aweke kichwa kwenye kifua kile, yaishe. Alibaki aliposimama, akajishika mikono mwenyewe.

"Niambie tena," alisema. "Swali lile la jana. Sasa niambie lote."

Yeremia alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayekohoa mfupa uliomkwama.

"Deni ni la kweli. Sikukudanganya. Ile miaka miwili bila kazi ni ya kweli, na inaweza kukupata na wewe, tena inaweza kuwa minne. Ukitafuta pesa, usiende. Ongeza ngazi ya uuguzi, utapata zaidi na kwa haraka." Akameza mate. "Lakini kile nilichokipata kilitosha kumzika baba yangu kwa heshima na kumsomesha mdogo wangu. Na ile kazi niliipenda. Kuna kijiji tulichimba choo cha shule, tukafunika kisima, tukakaa na akina mama tukiwafundisha. Mwaka uliofuata nikapita pale wakati wa mvua, nikasubiri kusikia nani anaumwa. Hakuumwa mtu. Sijawahi kulala vizuri kama siku ile. Hilo sijui unaliwekaje kwenye hesabu. Ndiyo maana sikuliweka."

Basi la Singida lilipiga honi kutoka stendi. Yeremia akainua mkoba wake. Editha akanyoosha kiganja kumzuia.

"Baki ulale kwa mama yako leo. Nataka niende peke yangu."

"Edi."

"Sikuachi. Lakini kwa sasa siwezi kukaa kiti kimoja na wewe."

Alitembea haraka bila kugeuka. Alipokaa dirishani na basi likaondoka, alimwona bado amesimama palepale kati ya mawe, mkoba mkononi, akilitazama basi lisilo lake. Ndipo machozi aliyokuwa ameyazuia yakashuka, na mama wa Kinyiramba aliyekaa naye akampa kipande cha kanga yake ajifute, bila kumuuliza neno.

* * *

Jumatatu aliamka na homa ya wasiwasi. Aliomba ruhusa kazini. Alichota maji, akafagia uwanja ambao mama yake alishaufagia, akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Deni lilikuwa mbele yake, zito, lenye sura. Alijiona ana miaka thelathini na kitu, anakatwa mshahara, au mbaya zaidi, hana hata mshahara wa kukatwa. Alijiona pia zahanati, mvua zimeanza, akitafuta mshipa kwenye mkono mdogo wa mtoto yuleyule aliyemtafutia mshipa mwaka jana.

Alipobonyeza kuthibitisha alikosea mara ya kwanza, akarudia.

Baba yake alikuwa nyuma ya nyumba, akiwaingiza kuku kwenye tenga. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa afike mchana. Editha alimwendea, akasimama mikono nyuma.

"Baba, nimethibitisha. Nakwenda chuo."

Mzee Mughwai alimkamata jogoo mwekundu kwa miguu, akamsukumia ndani, akafunga mlango wa tenga. Hakukasirika. Hilo lilimwogopesha Editha zaidi.

"Na yule kijana?"

"Yule sijui, baba."

"Hujui."

"Najua ninampenda. Mengine sijui."

Mzee aliguna, akageukia kuku wake. Editha akaingia jikoni kumsaidia mama yake. Alikuwa amepiga magoti akichochea moto alipousikia mlango wa ua ukigongwa, na sauti aliyoijua kuliko zote ikibisha hodi.

Yeremia alikuwa amekuja peke yake. Mwanamume mwenye posa isiyojibiwa hafiki kwa wakwe bila mshenga, na kila mtu pale uani alilijua hilo, kuanzia yeye mwenyewe. Shati lake lilikuwa na vumbi la basi la kwanza kutoka Kiomboi. Editha alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, mama yake akamshika kiwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mshenga wako ni mgonjwa?"

"Mzima, mzee. Nimekosa adabu, najua. Lakini hili nililokuja nalo siwezi kumbebesha mtu mwingine."

"Sema."

"Nimekuja kukuomba usinijibu ile posa."

Kuku mmoja alipiga mabawa ndani ya tenga. Jikoni, Editha aliuma kanga.

"Mshenga alinipigia jana usiku, akasema umempa Editha achague, mimi au chuo," Yeremia aliendelea. "Hilo si kosa lako. Mimi ndiye niliyemtia hofu ya chuo, na nilimtia kwa ajili yangu mwenyewe. Nilimficha mambo. Niliitwa kazini Rungwa nikakataa, sikumwambia. Jana jioni niliwapigia tena. Wameshampa mtu mwingine. Kwa hiyo leo sina kazi ya shahada, nina asali na nina deni, na sijui lini nitapata. Hivyo ndivyo nilivyo. Naomba usimfanye achague. Mwache aende. Posa yangu iache ilale hapo, bila jibu, mpaka amalize. Akirudi na akanikataa, itakuwa amenikataa yeye."

Mzee Mughwai alimtazama kijana yule kutoka juu hadi chini kwa muda mrefu. Kisha akamwonyesha upande wa pili wa tenga.

"Shika hapo. Tulisogeze kivulini."

Walilibeba pamoja, kuku wakilalamika ndani, wakaliweka kando ya ukuta. Mzee alijifuta jasho kwa kiganja.

"Wewe umekopa," alisema. "Umeona ndani yake kulivyo. Nikuulize, na usinipe maneno matamu. Ungekuwa na binti, ungempeleka akakope kama wewe?"

Yeremia aliwatazama kuku ndani ya tenga. Editha, nyuma ya mlango, alisogeza sikio.

"Ningempeleka, mzee," alisema mwishowe. "Na ningekosa usingizi."

Mzee Mughwai aliinama akaokota unyoya mmoja uliodondoka, akauzungusha kati ya vidole. Midomo yake ilicheza kidogo, ikitafuta neno. Lilipokuja, alilisema kwa Kinyaturu kwanza, kimoyomoyo, ndipo akalisema kwa Kiswahili ili mgeni alisikie.

"Basi usingizi tutaukosa wote."

Aliutupa ule unyoya, akageukia mlango wa jikoni ambao alijua fika nani yuko nyuma yake.

"Mama Editha," aliita. "Ongeza unga."